Ukoo wa Kuazima

Ile siku ya Moba naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu Chanda, na ningeshukuru sana kama ningeweza kuisahau.

Tangu juzi nakuona unashona mikanda ya huo mfuko wa mgongoni uliouchagua kwenye salaula, katika rundo la nguo kuukuu. Unaniambia wewe na wenzako mtapita Tanzania, Burundi, Rwanda mpaka Uganda, pesa ni chache, makuta hayatoshi, kwa hiyo mmejifunza kwenye simu namna ya kulala bure na kula bure. Sikukatazi. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi mwenyewe nilikwenda. Ila keti kidogo, hiyo sindano haikukimbii.

Nilikuwa rika lako. Msimu mzima nilikuwa nimeuza chisense, hawa dagaa wetu wadogo, pale Kabuta, nikafunga makuta yangu kwenye kitambaa na kitambaa nikakifunga kiunoni. Nilitaka kuona nchi za watu. Si biashara, si kazi, kuona tu. Watu walinicheka, wakasema nimeingiwa na mambo ya wazungu. Nikavuka ziwa letu hili, nikafika Pweto upande wa Wakongo, nikashika njia ya Moba. Nia yangu ilikuwa nifike Kalemie, nivuke Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha Bujumbura. Na nilijiapia kwamba kile kitambaa kisifunguliwe ila kwa nauli ya mashua.

Kubana matumizi nilikujua, usidhani ninyi ndio mliokuvumbua. Nilibeba unga wangu wa muhogo. Nilipakia magunia ya samaki kwenye lori, nikapanda bila kulipa. Hayo yalikuwa mazuri, na hata leo nayasifu. Lakini tumbo la kijana halina adabu, mwanangu, na kichwa changu kilikuwa chepesi kuliko mfuko wangu. Nikabuni njia nyingine.

Desturi yetu unaijua, ingawa ninyi watu wa simu mmeanza kuisahau. Pande zote mbili za ziwa hili, na mbele mpaka Tanganyika, koo ni zilezile, na kila mtu hufuata ukoo wa mama yake. Ukifika kwa watu usiowajua, kabla ya jina wanakuuliza mukoa, yaani ukoo wako. Ukiwa wa ukoo mmoja na mwenye nyumba, basi wewe si mgeni tena, wewe ni mtoto wa nyumba. Ile methali ya mgeni siku ya tatu mpe jembe, kwako haifanyi kazi. Mimi ni wa Samaki, kama mama yangu. Sasa nikawa nikifika kijijini naenda kwanza kisimani, nawatania wasichana, nawauliza: ile nyumba yenye mbuzi ni ya mukoa gani? Wakisema Chui, naingia mle nikiwa Chui. Kijiji cha mbele nikawa Uyoga. Usicheke. Nilinenepa safarini.

Moba nikawa Mvua.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Mama Katele. Nilimkuta barazani akimenya muhogo.

“Karibu, mutoto. Uko mukoa gani?”

“Niko wa Mvua, mama.”

Akaweka kisu chini. Alinitazama mpaka nikaona haya, kisha machozi yakamtoka. “Ba Mvua balikwisha hapa,” akasema. “Nilibakia miye peke yangu.”

Akanieleza. Katele alikuwa mwanawe wa pekee. Homa ilimchukua akiwa kijana bado, na tangu azikwe jina lake halikupata wa kulipokea. Kwetu marehemu hatupwi hivihivi. Anatafutwa mtu wa ukoo uleule, anaketishwa mkekani, ananyweshwa maji mbele ya wazee, anaambiwa: tangu leo wewe ndiye fulani. Hapo mama aliyefiwa anakuwa na mtoto tena, wa kumtunza na wa kumzika. Mtu wa ukoo mwingine hafai. Yule mama alikuwa amemngoja mtu wa Mvua miaka na miaka, nami nikaingia uani kwake na mfuko wangu mgongoni.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, nisamehe, mama, nimekudanganya, nilikuwa natafuta chakula. Angenifukuza, au angecheka akanipa ugali vilevile. Lakini alikuwa ameshaniomba nilipokee jina, ameshamkamata na kuku, na mimi nikasema, “Sawa, mama.”

Alinifulia nguo. Alinilaza kwenye kitanda cha marehemu. Akaanza kuniita Katele kabla hata ya siku yenyewe. Akatwanga mizizi ya munkoyo kwa ajili ya kinywaji cha wageni, akatenga mbuzi, akawaalika wazee waje Jumapili baada ya misa. Nilipoona mkeka mpya umenunuliwa, woga ukanishika. Nikamwambia nashuka Kalemie kutuma habari nyumbani, nitarudi kabla ya Jumapili. Hakunishuku hata kidogo.

“Wende, Katele,” akasema. “Usikawie, batu batakungoja.”

Akanifungia viazi vitamu na samaki mkavu. Nilivila mashuani, mwanangu, nikifurahi kwamba siku ile nayo sikununua chakula. Nilifurahi. Hilo neno linanichoma kuliko uongo wenyewe.

Kigoma nilifika, na Bujumbura nilifika. Ukiniuliza nilichokiona huko nitakuambia mawili matatu, kisha nitaanza kubahatisha.

Niliporudi hapa Nchelenge kitambaa kilikuwa bado kizito. Nikajisifu mbele ya Yama Chisenga, kaka yake mama yangu. Alikuwa anashona wavu. Alicheka kwa Chui, akacheka zaidi kwa Uyoga, lakini nilipofika Moba akauweka wavu kando.

“Ulichunga makuta, ukauzisha mama yako,” akaniambia. “Na ule mama mwingine, ulimufisha mutoto mara ya pili. Hiyo makuta ni nauli ya kurudia. Urudie, useme ukweli.”

Nikamjibu ndiyo, yama, nitakwenda msimu huu ukiisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Msimu ukaisha, nikaoa. Watoto wakaja. Yama akafa akiwa ameacha kuniuliza. Halafu vita vikaingia upande wa kule, nami nikafurahi kimoyomoyo kupata sababu nzuri ya kutokwenda. Ndivyo nilivyo, usinione mzee ukadhani nilizaliwa na mvi.

Sasa sikiliza lililonipata mwaka huu. Unawajua wale mama wa Kikongo wanaokuja sokoni kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Mmoja anauza sombe, kisamvu chao, nikamsikia akisema kwao ni Moba. Nikamuuliza kana kwamba napiga soga tu, kama alimjua mjane mmoja, Mama Katele.

“Ule muzee? Alikuwa jirani yetu,” akasema. “Alikufa zamani. Batu balitaka kumupa mutoto wa mukoa ingine akamate jina ya Katele, wazee bakakubali, yeye akakatala. Akasema jina iko na mwenyewe, alienda tu Kalemie, atarudia. Mashua ikifika, anashuka kuangalia.”

“Na huyo mtu hakurudi?”

“Hakurudia. Tulimuzika siye ba kanisa.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, hata kwa aliyemzika, na nikanyamaza tena. Nikanunua sombe yote iliyokuwa mbele yake. Bibi yako akaniuliza tunapika harusi ya nani. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa haya. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi kwangu mimi mjukuu huyo alizaliwa kabla yako.

Kwa hiyo nenda. Bana matumizi kadiri uwezavyo. Beba unga na chumvi, panda malori ya mizigo, kwacha zako zibadilishe mjini si pale mashua zinaposhushia watu, omba ruhusa ulale uwanja wa kanisa. Zikiisha, sema sina. Neno hilo halijamuua mtu: mwenye moyo atakupa, asiye nao atakupita, na asubuhi utaondoka ukiwa mtu huru. Lakini usijifanye mtoto wa mtu ili upate sahani. Wewe ukishiba unaondoka, yeye anabaki anakungoja.

Mungu akutangulie barabarani na majini. Akukutanishe na watu wema, nawe uwe mwema kwao. Akurudishe salama kwa mama yako, na huko utakakopita asibaki mama yeyote anayetazama njia kwa ajili yako.