Mama Nekesa, Nani Alikwambia Mungu Anataka Uji Wako?

Mimi nimekataa. Watu wananiambia pole, pole, na mimi naangalia ndala zako hapo mlangoni, nangoja utoke tugombane.

Nyinyi mnaosoma hapa, wengi mlimjua. Mama Nekesa wa Dagoretti Corner, jirani yangu mlango kwa mlango, aliyekuwa akifanya kazi kwa Wakorea kule Lavington. Ameenda. Na mimi nimekasirika, sitawadanganya.

Huyu mwanamke alikuwa na sukari. Daktari alimwambia mbele yangu: mama, kula kidogo kidogo, usikae njaa. Akaitikia "sawa daktari" kama mtoto wa nasari.

Halafu Nekesa akaingia Form Four.

Madam wake Mkorea alikuwa na kijana huko kwao, anangoja mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kila alfajiri madam anapiga magoti, analia, anataja jina la kijana. Mama Nekesa akifika kazini anampata hapo chini kwa carpet. Siku moja naye akapiga magoti kando yake. Wakawa wawili, mmoja anaomba Kikorea, mwingine Kibukusu, na vyombo vimelala kwa sinki.

Jioni ananiletea habari. Mimi ananiita Kukhu, nyanya, kama mtoto wake anavyoniita. "Kukhu, kwao siku ya mtihani hata ndege zinangoja, watoto wasikie maswali vizuri." Nikamwambia hapa kwetu hata fundi wa welding hapo nyuma hawezi kungoja.

Ndipo akaja na ile ya kuteleza. Eti Wakorea hawampi mtoto supu ya majani ya baharini kabla ya mtihani, kwa sababu inateleza, na mtoto naye atateleza. Wanampa keki ya mchele inayonata, ili masomo yashike. Basi akaangalia sufuria yangu, akapiga marufuku mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Mrenda! Nyumba mbili za watu wa Bungoma, hakuna mrenda!

"Na bamia pia, Kukhu. Usimpe."

Wiki hiyo hiyo shule ikaita wazazi kwa prayer day. Pasta akapaka kalamu zote mafuta. Nikamuuliza Mama Nekesa: mrenda inateleza, na kalamu ya mafuta je? Akacheka mpaka akaketi chini. "Kukhu, wewe utaenda jehanamu na huo mdomo."

Sasa wewe, Mama Nekesa, sikia. Madam wako akimaliza kuomba, anakula. Aliniambia mwenyewe, siku alipokuleta na gari: wali na mayai. Hii ya kufunga hukufundishwa na Mkorea. Uliiongeza wewe.

Mtihani ukaanza, ukaacha kula. Nikikuletea uji: "Weka hapo, Kukhu, nitakunywa." Jioni naupata umeganda, na ngozi juu.

Nilikupigia kelele ploti nzima ikasikia. "Ni Nekesa anafanya mtihani ama ni tumbo yako?" Ukanijibu polepole, "Kukhu, mimi sikusoma. Hizo hesabu sizijui. Nitamsaidia na nini kingine?"

Nikachukua ule uji, nikaenda kuupasha moto tena.

Asubuhi ya karatasi ya Hesabu ulimfunga Nekesa tai, ukamwambia kimbia, utachelewa. Ukarudi magotini. Mimi ndiye nilikupata, kichwa juu ya kitanda, kama mtu anayeomba bado. Kufika hospitali, umeshaenda. Na Nekesa akatoka shule anacheka, "Mama ako wapi? Ilikuwa rahisi!"

Mtu anamwambiaje mtoto kitu kama hicho?

Kwa matanga pasta akasema umejitoa sadaka. Nikasimama. "Sadaka gani, Pasta? Mungu aliomba uji wa huyu mama?" Watu wakanivuta leso nikae. Madam wako alikuwa kwa kona na sahani ya zile keki zinazonata, hakuna aliyezigusa, analia bila sauti.

Tukakungojesha mpaka mtoto amalize mtihani. Kesho tunakusafirisha Bungoma.

Lakini jana, asubuhi ya karatasi ya mwisho, Nekesa akakataa chai. "Nafunga, kama Mama."

Jameni! Nikampikia ugali na mrenda. Ndiyo, mrenda, umesikia vizuri. Nikaweka stuli mlangoni nikakaa. Hutoki hapa.

"Kukhu, itateleza."

"Wacha iteleze. Kula."

Akakula huku analia, akapangusa sahani na tonge la mwisho, akachukua kalamu yake akaenda.

Matokeo bado. Akipita, amepita. Akianguka, ataangukia hapa kwangu, na sufuria iko motoni.

Sasa inuka hapo magotini, Mama Nekesa. Imetosha. Nyosha miguu, ulale. Mtoto amekula.