Diski ya Pili ya Aminieli

Jiwe la kwanza lilimpata Aminieli sikioni saa nne asubuhi, na aliyelirusha alikuwa bado anatafuna andazi. Nalitaja hilo andazi mapema kwa sababu watu wanasema ilikuwa hasira. Mtu mwenye hasira hatafuni.

Nilimjua tangu alipoteremka kutoka Suji, kijijini kwao milimani Upare. Baba yake na mimi tulifanya kazi pamoja korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, mpaka shamba lilipouzwa tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri barua. Barua hazikuja. Ikaja ruksa: ruksa ya kuuza, ruksa ya kununua, ruksa ya kufa njaa ukiwa unatazama duka lililojaa. Baba yake alikunywa dengelua mpaka pombe ikammaliza yeye. Aminieli akashuka Same, akabeba magunia ya mchele wa Ndungu, akajifunza ufundi wa simu kwa kufungua zilizokufa. Mwaka 2010 akapanga chumba cha mbele cha nyumba yangu, kando ya stendi, akafungua banda la gemu.

Laptopu yake ilikuwa pana kama sinia, mtumba kutoka Arusha. Aliiunganisha na televisheni, na watu wazima wenye ndevu wakawa wanakaa pale kutwa nzima wakicheza mpira na vita vya uongo. Ndani yake kulikuwa na nafasi mbili za diski. Moja ilikuwa imejaa, nyingine tupu.

"Mzee, hapa penye tupu ndipo ilipo riziki yangu," aliniambia siku moja akiwa ameifunua.

Alikuwa anasema kweli. Sokoni lilikuwa limefunguliwa banda jingine lenye gemu kumi na mbili, naye alikuwa na tatu tu. Wateja walikuwa wanahama. Asipopata diski ya pili angerudi kwenye magunia, na mgongo wake ulikuwa umeshakataa.

Basi akachagua kama anayechagua dume la mbegu. Diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, aliikataa. Gemu zingekawia kufunguka, na wateja wangeung'oa waya wakigombana. Zile mpya zisizozunguka zilikuwa za matajiri. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa dukani Moshi, mpya, ina risiti na dhamana ya mwaka mzima, lakini ndogo na nzito kuzunguka. Ya pili ilikuwa mtumba, kubwa mara mbili, inazunguka haraka, bei nusu, mikononi mwa Rogers aliyekuwa anauza simu juu ya kreti la soda pale stendi. Aminieli aliipima unene kwa rula, maana nene haziingii kwenye laptopu. Akaichomeka, akaitegea sikio asikie kama inagonga. Haikugonga.

Nikamuuliza Rogers, "Umeitoa wapi?"

"Mzee shikamoo kwanza. Mtumba hauna kwao."

"Marahaba. Sisi tukinunua ng'ombe, muuzaji alikuja na mashahidi wawili na kibuyu cha pombe. Aliyenunua bila shahidi alihesabiwa mwizi mwenzake."

"Basi nikuletee na ndama wake," alisema Rogers, na waliokuwa karibu wakacheka. Aminieli naye alicheka. Akalipa, akaondoka nayo bila hata kipande cha karatasi.

Diski haikuwa tupu. Ilikuwa na mitihani ya shule, barua, na picha arobaini za mazishi: mama mzee ndani ya jeneza, uso wazi, na watu wake wamemzunguka. Aminieli alikuwa ameshaweka kidole tayari kufuta vyote. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimkumbusha kwamba babu zetu walihifadhi mafuvu ya wazee wao chini ya mwamba, na hata ukipita mlima wa ukoo usio wako hukuthubutu kulisogeza fuvu la mtu. Huyu mama ana wenyewe, nilisema. Aminieli hakubisha, alikuwa Mpare. Alifuta mitihani na barua apate nafasi, kisha akazitazama zile picha moja moja na kuzipanga tangu jeneza lilipotoka ndani mpaka udongo wa mwisho. Akaziweka kwenye folda aliyoiandika "Mazishi, usifute." Rogers alipoulizwa tena mwenye diski ni nani, alisema aliinunua kwa mpita njia.

Angefuta vyote, leo angekuwa na macho mawili.

Kwa wiki tatu banda lilijaa. Gemu zilifika kumi na nne. Halafu akaja Anthony, dereva wa bodaboda wa Mwanga aliyekuwa amemleta abiria Same na sasa anamsubiri. Alikaa kucheza. Katika kutafuta gemu akaifungua ile folda, akakutana na uso wa mama yake mzazi.

Miezi miwili nyuma, kaka yake, Mwalimu Tumainieli, alikuwa amevamiwa nyumbani kwake Mwanga, akakatwa panga shingoni, na laptopu yake yenye picha za mama yao ikachukuliwa. Anthony hakuuliza neno. Alitoka nje akapiga yowe la mwizi aliyemkata kaka yake panga.

Zamani huku kwetu pembe ikilia watu walikuja na majembe, kuzibua mfereji au kumjengea mjane. Ilikuwa msaragambo, na asiyekuja alitozwa faini. Siku ile walikuja bila faini. Walikuja na mawe, minyororo ya pikipiki na kipande cha nondo.

Walimburuta Aminieli mpaka kizingitini. "Nimenunua," alikuwa anasema, "nimenunua kwa Rogers," na kila aliposema mtu alimpiga mdomoni. Nondo ikampata jicho la kushoto. Mmoja akaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la mlango, akasema, "Huu ndio ulioshika panga," na mwingine akauponda kwa tofali mara tatu. Mlio ule niliwahi kuusikia korona tu, siku mashine iliposhika mkono wa mtu.

Nikasimama mbele yao. "Mwiteni mwenye mali amtambue. Mkiona shaka, tutavunja chungu kama wazee, na aliyeiba atajitokeza mwenyewe kabla laana haijamfikia."

"Mzee, kavunje vyungu vyako jikoni."

Wakacheka tena, na mtu nisiyemjua akanisukuma, nikaangukia goti ambalo mpaka leo halikunjuki. Anthony akaiendea laptopu. Aliing'oa diski, akaiweka barabarani, akaipiga kwa jiwe mpaka visahani vyake vya kioo vikawa unga. "Hakuna tena atakayeichezea mali ya kaka yangu," alisema. Kisha akachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake.

Aliyewazuia alikuwa Safia, muuza maandazi, yule yule aliyekuwa amewauzia kifungua kinywa. Alikuja na karai la mafuta yanayochemka, akasimama juu ya Aminieli.

"Anayetaka kuunguza mtu, aanze kuungua yeye."

Mmoja akasogea. Safia akamwagia kidogo miguuni, naye akapiga kelele kuliko Aminieli. Wengine wakarudi nyuma, na polisi wakawakuta hapo.

Mwalimu Tumainieli alifika hospitali mchana, kovu limetoka sikioni mpaka kwenye ukosi. Alimtazama Aminieli usoni.

"Walikuwa watatu," akasema. "Huyu hakuwamo." Akamgeukia mdogo wake. "Picha za mama ziko wapi?"

Zilikuwa zimesagika barabarani pamoja na diski. Hazikuwapo nyingine popote.

Rogers alipanda basi siku ile ile, na kreti lake sasa linakaliwa na muuza miwa. Aminieli amerudi Suji. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, na mama yake ndiye anayemkatia ugali. Kati ya wale waliompiga hakuna aliyepanda mlima hata na kuku wa kuomba radhi. Wananiamkia shikamoo pale stendi. Siwaitikii.

Mwalimu alipanda, na kondoo dume, na mimi nikamfuata nikichechemea. Anthony hakuja. Aminieli alipokea kamba ya kondoo kwa mkono wa kushoto, akamkaribisha Mwalimu kwenye kigoda, akasema:

"Picha ya kwanza, jeneza linatoka mlangoni. Mama amefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu. Wewe umeshika upande wa miguu, huna viatu."

Mwalimu akatoa daftari akaanza kuandika. Ya pili, ya tatu, ya tisa. Nani alilia, nani alishika mwavuli, mbuzi aliyeingia makaburini akafukuzwa. Kila moja Mwalimu aliipa namba. Walipofika ya ishirini na sita Aminieli akakwama. Akalifumba jicho lililobaki, akatikisa kichwa.

Mwalimu akaacha mstari mtupu, akaandika ishirini na saba.