Kamusi Iliyonuka Moshi

Kamusi hii bado inanuka moshi. Siku moja ililowa mvua, Masera Halina akaikausha juu ya mbabula, jiko la makaa la pale kwa watawa, na tangu hapo maneno yote ya Kipolandi kwangu yananukia mahindi ya kuchoma. Masera ndiye aliyenifundisha Kipolandi akaniachia kamusi yenyewe, na leo ndiyo ninayoitumia kutafsiri taarifa za Kiingereza kwenda Kipolandi, hapa hapa Gisenyi, na ikifika jioni macho yananiwasha, kichwa kimekuwa kizito. Kiingereza kinachosha, jamani. Neno moja lina maana tano, na kila moja inataka ichaguliwe yenyewe.

Kazi hii niliianza utotoni bila kuiomba. Baba alirudi kutoka Uganda na Kiingereza chake, akanifundisha, kisha akafariki mapema. Masera, mtawa wa Poland aliyeendesha zahanati karibu na ziwa, Kinyarwanda hakukijua, Kiswahili kilimwishia kwenye salamu, na Kiingereza chenyewe alikisoma kwa kuchungulia kamusi. Basi kila Jumamosi nilikaa ubavuni mwake juu ya kreti ya soda. Mgonjwa anasema, mimi nageuza kwa Kiingereza, yeye anafungua kamusi, kidole kinashuka kwenye zile maana, kisha ananiuliza, "Ipi?" Hapo naigiza. Nakohoa, nashika tumbo, nachechemea, na benchi zima linacheka. Masera hakuandika kitu kabla sijaigiza.

Mama alikulia Goma, na kila asubuhi alibeba viazi vya Bugeshi mgongoni akavivusha Grande Barrière, mpaka wa kuingilia Goma. Mwaka ule alianza kutembea amejishika tumbo la chini. Chini ya kitenge palikuwa na uvimbe, naye alidhani sijauona. Kisha ikasikika kwamba daktari mpasuaji anakuja kutoka Poland kwa juma moja tu, na kwamba Masera ndiye atakayechagua wagonjwa watakaomwona. Jirani akamsukuma Mama hadi kwenye foleni.

Masera akamuuliza, kupitia kwangu, anajisikiaje.

"Niko muzuri tu, Masera," Mama akajibu. "Na weye? Na bamasera bote?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja, hata mtu awe amebebwa kwa machela. Huanzi kumwaga shida zako mbele ya mgeni. Nikalisema kwa Kiingereza kama lilivyo: "She is fine." Masera akafungua kamusi, kidole kikashuka: nzima, nyembamba, laini, faini ya polisi. "Ipi?" akauliza, akanisubiri.

Mama akanitazama kwa lile jicho ambalo likikwambia nyamaza, unanyamaza. Niliogopa, siwafichi. Lakini nilijua Masera akiandika kwamba ni mzima, daktari ataondoka bila kumwona. Nikasimama. Nikajishika tumbo la chini, nikainama kana kwamba nina gunia mgongoni, nikatembea vile Mama alivyotembea akidhani haonekani.

Safari hii benchi halikucheka. Masera akafunga kamusi, akaenda kumletea Mama kiti.

"Umenivua nguo mbele ya batu," Mama aliniambia njiani. Alipasuliwa juma lile lile. Muda wote alipokuwa anapona, niliacha shule nikabeba viazi mimi, na jioni nilirudi mabega yanawaka moto. Alikuwa ananikanda kwa maji ya moto bila kuniangalia usoni. Nikadhani bado ana hasira ya kuaibishwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Lile jibu lake halikuwa adabu peke yake. Mama alijua kwamba siku atakayolala yeye, gunia litahamia kwangu. Ndiyo maana aling'ang'ania kuwa muzuri.

Jana jioni alinipigia simu kutoka Nyamyumba, anakoishi siku hizi. Nilikuwa nimekaa na taarifa moja tangu asubuhi, chai imepoa kwenye kikombe.

"We, uko aje?"

"Niko muzuri, Mama."

"Muzuri gani?" akauliza. "Simama. Tembea kidogo, nisikie."

Nikafunga kamusi, nikainuka, nikatembea chumbani simu ikiwa sikioni, kutoka mezani hadi dirishani, nikiburuta kandambili. Nilipofika dirishani machozi yalikuwa yameshanitoka.

"Umechoka, mutoto yangu," akasema. "Kuya kwangu, ukule."