Jagi la Mbolea

Mshona nguo alikuwa ameanza kuotesha mchicha kwenye beseni la maji, bila udongo. Muuzaji wa mbolea alimwonya isipigwe na jua. Basi yeye, kwa ugeni wake, akaikoroga kwenye jagi la maji ya kunywa, akalitia kwenye friji.

Asubuhi alilikuta mezani, tupu, na mama mkwe kalala kwenye kochi, mdomo wazi. Moyo ukampasuka paa!

"Mama! Mama, amka! Umekunywa maji ya jagi?"

"Hebu niache! Mimi na maji ya baridi wapi na wapi? Nimemjazia mumeo chupa yake, kaenda nayo kazini."

Akampigia mumewe. Simu ikalia palepale, chini ya mto wa kochi.