Kibao cha Kiswahili

Harufu ya masweta yaliyolowa kwenye foleni ya benki imenirudisha darasani Songea, siku ya mvua, wanne dawati moja. Mwalimu alitaka tueleze kwa Kiingereza mahali palipojaa watu. Ambaye angeteleza akasema Kiswahili angevaa kibao cha adhabu shingoni hadi jioni.

Nikasimama na London yangu, niliyoikariri kitabuni.

“Ulikwenda lini?” mwalimu akauliza kwa Kiingereza.

“Sijaenda, mwalimu,” nikajibu, kwa Kiswahili safi.

“Pole, mzungu wetu!” wakanong'ona wa nyuma, mwalimu asisikie.

Jirani yangu akasimama. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akalieleza dawati letu: mmoja akikohoa, wanne wanatikisika.

Mwalimu hakucheka. Alimtangaza jirani mshindi, mimi akanivika kibao. Nilipoketi tulibanana kama kawaida, na kona ya kibao ikamchoma mshindi mbavuni.