Watu Waliokaa Chini ya Kamera

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya harusi yangu, maana sikuwa na nyingine, nikapanda treni ya kasi kwenda Sandton. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya takwimu pale Braamfontein na niliamini kwamba Johannesburg yote ilikuwa ikinisubiri. Kampuni iliyoniajiri ilinunua haki za kutangaza mpira wa vyuo vikuu. Cheo changu kilikuwa mchambuzi wa masoko. Mkuu wa Takwimu, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alinionyesha dawati langu, kisha akaniuliza pale tunauza nini.

"Mpira wa vyuo," nikajibu.

"Mpira ni wa wenyewe. Sisi tunauza macho."

Akaenda zake kutafuta kahawa. Baadaye niliandika ripoti nene kuieleza kazi ile, na hakuna hata moja iliyofika pale alipofika yeye akiwa njiani kwenda kwenye birika.

Nawaeleza ninyi mnaoingia kazi hizi sasa, mnaofanyiwa hesabu na kompyuta kabla hamjamaliza kupiga miayo. Kwetu sisi soko halikuwa mahali pa kununua nyanya. Soko lilikuwa mji na vitongoji vyake, yaani watu wote wanaoweza kuonyeshwa tangazo moja la sabuni kwa wakati mmoja. Chuo kilithaminiwa kwa mji kilichomo. Timu mbovu ya mji mkubwa ilikuwa na bei kubwa kuliko timu nzuri iliyozungukwa na mashamba ya mahindi. Mama yangu aliponipigia simu kutoka Tanga kuuliza nafanya kazi gani hasa, nilimweleza hivyo hivyo.

"Kumbe wewe ni dalali," akasema. "Nimekusomesha miaka yote hiyo uwe dalali."

Wakati ule vyuo vilipangwa kwa kanda. Waliokaribiana walicheza wenyewe kwa wenyewe, na mashabiki walikwenda kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo, wakiwa wamekauka sauti. Mkuu wa Takwimu alipostaafu, alikuja Mkurugenzi wa Masoko, mwanamke hodari aliyevaa viatu vya michezo ofisini na asiyependa neno kanda. Alitaka ligi ipangwe upya: vyuo vichache viingie Kundi la Televisheni, vingine vicheze bila kamera. Mimi nilitumwa viwanjani kutazama nani anafaa.

Ndivyo nilivyofika kwenye chuo kidogo cha mashariki mwa Johannesburg, mbele ya Kensington, ambacho sitakitaja jina. Kocha wao alikuwa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mnene, mwenye filimbi mbili shingoni kwa sababu hakuiamini moja. Aliposikia Kiswahili changu alinikumbatia kama ndugu aliyepotea. Kisha akanieleza shida yake. Wachezaji wake walisomeshwa na mfadhili, kampuni ya vinywaji, ambayo ililipa ada kwa sharti moja: jezi ionekane kwenye televisheni. Chuo kikikosa Kundi la Televisheni, vijana wangerudi makwao.

Nilirudi Sandton nikiwa na hakika ya kukitetea. Timu ilicheza vizuri na jukwaa lilijaa. Mkurugenzi alisukuma kompyuta yake kunielekea.

"Nimeitazama mechi yao," akasema. "Nimeona nyasi. Nyasi na mbwa mmoja."

Hapa inabidi niwaeleze jambo la ufundi. Kamera kuu huwekwa upande wa magharibi wa uwanja ili jua la alasiri liwe mgongoni mwake. Inachoona ni mchezo, na nyuma ya mchezo upande wa mashariki. Viwanja vikubwa vina watu pande zote, hivyo haidhuru. Lakini chuo kile kilikuwa na jukwaa moja tu, lililojengwa magharibi na mtu mwenye akili ili watu wakae kivulini. Wapiga picha wetu walipofika, walipanda juu ya paa la jukwaa hilo hilo. Upande wa pili kulikuwa na mteremko mtupu wa nyasi. Chuo kizima kilikuwa kikiimba chini ya miguu ya kamera, na nchi nzima ilikuwa ikitazama mbwa.

Ilunga alikwisha kuliona hilo kabla yangu. "Mukubwa, kamera yenu inakalia batu bangu ku kichwa," alikuwa ameniambia kwa Kiswahili cha kwao, nami nikadhani ni mzaha. "Sasa itabaona namna gani? Wewe ulishaona muntu anaona kisogo yake?"

Nilimweleza Mkurugenzi. Hakubisha.

"Basi wakae nitakapowaona," akasema. "Wajaze ule mteremko, halafu tuzungumze."

Kuwahamisha watu wale kulitaka kwanza kwenda kwa MaDlamini. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyeuza magwinya, maandazi ya kukaanga ya huku, kwenye lango la chuo. Nyimbo zote alianzisha yeye. Akisimama, jukwaa linasimama. Akikaa, hata mwamuzi huonekana kupumua. Mimi na Ilunga tulimkuta mstari wa mbele, kivulini, beseni la magwinya miguuni. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha ofisini habari ya kamera, jua na mteremko.

"Eish, baba," akasema. "Mgeni anaingia nyumbani kwangu, ananiambia nihame kiti nikakae juani ili anitazame vizuri. Mimi ni nguo, nianikwe?"

Wanafunzi waliokuwa nyuma yake walicheka hadi wakagongana mabega. Nami nilicheka, maana ilikuwa ni hilo au kulia. Ilunga akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa Kizulu chake cha kuungaunga kwamba kamera zikiondoka, ada inaondoka, na vijana nao wanaondoka. MaDlamini aliwatazama wachezaji waliokuwa wakipasha mwili moto. Alikuwa na mmoja aliyempenda, beki mrefu aliyekula magwinya yake kwa mkopo.

"Hata huyo mrefu?"

"Hata huyo mrefu," nikasema.

Mechi iliyofuata alijitwika beseni, akachukua mwavuli wake, akakatiza katikati ya uwanja. Nyuma yake walimfuata wakazi wa bweni moja, kisha bweni la pili, hadi jukwaa likabaki na njiwa. Nilikuwa ndani ya gari la matangazo, naona kila kitu kwenye skrini. Mteremko ulijaa. Mwongozaji wa picha, kijana wa Soweto, alipiga mluzi.

"Sharp! Hii sasa ni mechi," akasema. "Ila yule mama afunge mwavuli. Unaziba picha."

Nilitoka nikazunguka uwanja kwenda kumwambia. MaDlamini alinitazama, macho yamekunjamana kwa jua. Akafunga mwavuli.

Wiki ile nilikwenda kwenye kikao nikiwa nimevaa tena ile suti ya harusi, tumbo nimelibana kidogo ili vifungo vifunge. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya ramani ya nchi iliyobandikwa ukutani.

"Umeona mteremko?" nikamuuliza.

"Nimeuona. Mzuri sana. Yule mama wa nyimbo nimempenda." Kisha akaweka kidole kwenye ramani. "Lakini Johannesburg tunayo tayari."

Alikuwa na maana hii: vyuo vikubwa vya mjini vilikwisha kutuletea macho ya mji wote. Chuo kingine cha mji huo huo kisingeongeza jicho hata moja, kijaze mteremko au kijaze mbingu. Nafasi ilikwenda kwa chuo cha pwani, mbali, ambacho wakati ule kilikuwa bado kinatafuta wachezaji.

"Hawana timu," nikasema.

"Wana mji."

"Ulisema wajaze mteremko, halafu tuzungumze."

"Na tumezungumza," akasema, akaendelea na ajenda.

Ilunga nilimkuta amekaa juu ya mfuko wa mipira. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu, "Sasa nitabaambia nini batoto?" Nilimsaidia kubeba ule mfuko hadi stoo, mimi mwenye shahada. Mfadhili aliondoka kabla muhula haujaisha. Beki mrefu nilikutana naye baadaye Sandton, kwenye jengo la maduka, amevaa sare ya ulinzi, akiinua kizuizi cha maegesho magari yapite. Tulisalimiana kwa kidole gumba. Kwa urefu ule alifanana na kizuizi chenyewe, na hilo ni wazo la aina niliyolipwa mshahara kuwa nayo.

Mimi niliendelea. Vijana hupenda kusikia kwamba mzee aliondoka kwa hasira, akagonga mlango. Nilikuwa na binti shuleni na nyumba ya mkopo, na mlango wa ofisi yetu ulikuwa wa kioo, unajifunga wenyewe polepole. Niliondoka pale kampuni ilipounganishwa na nyingine kubwa kuliko sisi. Ofisa Rasilimali Watu, msichana mwenye sauti laini, alinieleza kwamba kazi yangu inaheshimiwa sana, ila upande wa wenzetu walikuwa na mchambuzi wa Johannesburg tayari. Wakaniita mstaafu wa mapema. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini nacheka.

Mwezi uliopita, kwa kukosa la kufanya, nilikwenda kwenye kile chuo cha mashariki. Walikuwa wakicheza ligi yao isiyo na kamera. Ilunga yupo bado na filimbi zake mbili. Ilikuwa alasiri, jua kali, nikaelekea jukwaani kivulini. Mwanafunzi mmoja, bila shaka wa mwaka wa kwanza, alinizuia kwa adabu.

"Samahani baba, jukwaa ni la wageni. Sisi wa hapa tunakaa kule."

Alionyesha mteremko. Ulikuwa umejaa.

"Kwa nini kule?"

"Ndiyo desturi yetu," akasema. "Tangu chuo kianze."

Juu ya paa sikuona kitu ila nondo zilizoshika kutu, pale tulipofunga kamera. Nikavuka kwenda upande wa pili. MaDlamini alikuwa mstari wa mbele, amezeeka, beseni mapajani, kiganja juu ya macho. Alinisogezea nafasi kama mtu aliyeniona jana.

"Mwavuli uko wapi, mama?" nikamuuliza.

"Unaziba picha," akasema, bila kucheka.

Nikakaa. Jua liliniingia machoni, uwanja ukawa mwanga mweupe wenye vivuli vinavyokimbia. Ghafla mteremko mzima uliruka kwa kelele.

"Nani kafunga?"

"Nani anaona?" akasema MaDlamini, akijizoazoa kusimama. "Inuka, uimbe."

Nikainuka.