Chai Niliyojikaribisha kwa Wakwe
Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia habari hii sokoni Kikima. Jumamosi nilienda kwa wazazi wa Mwende, mchumba wangu, tumbo limejaa gesi, nikiogopa litanitia aibu mbele yao. Nikipita jikoni kunawa mikono, nikaona sufuria ya majani yaliyochemshwa, yananukia tangawizi. Sikuuliza, kosa ni langu, lakini nilitaka sana kujua ladha yake. Nikajimiminia kikombe kizima. Ilikuwa chungu! Ila tumbo lilitulia, siwezi kudanganya.

Mezani nikamsifu mama yake. "Mama, ile chai ya sufuria imenisaidia tumbo."

"Ile ya jikoni? Aiya! Hiyo ni dawa ya kuku!"

Mwende akafunika uso. Baba yake akanisogelea.

"Kijana, imekusaidia kweli? Maana kuku bado wanaharisha."